Kupanda Si Kazi, Kazi ni Kulea Msitu

Wahenga walinena kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Mama yeyote aliyekesha na mtoto mwenye homa anaijua maana ya maneno hayo bila kufafanuliwa. Lakini ni wachache wanaoukumbuka usemi huo inapokuja habari ya mti. Siku ya kupanda miti inapofika, ngoma hupigwa, wakubwa hushika majembe, picha huchukuliwa, na mche hutiwa ardhini huku watu wakishangilia. Kisha wote hurudi makwao. Mche hubaki peke yake na jua, mbuzi, magugu na moto. Baada ya miezi sita ni nani arudiye kuuliza hali yake?

Magharibi ya Uganda uko msitu ambao historia yake yaweza kuwa darasa kwa kila anayetaka kujua jinsi mti unavyolelewa. Ni msitu wa Kibale, ambao leo ni Hifadhi ya Taifa. Msitu huo ulikatwa, ukalimwa, ukachomwa moto, na kisha, sehemu kwa sehemu, ukaanza kurudi. Kurudi kwake hakukuwa muujiza. Kulikuwa kazi ya watu wengi, na ya wanyama wengi pia, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ile isiyopigiwa ngoma: kazi ya ulinzi.

MSITU NA WENYEJI WAKE

Msitu wa Kibale uko katika nchi ya Toro, si mbali na mji wa Fort Portal. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 795. Upande wa kaskazini nchi imeinuka kufikia kiasi cha mita 1,590 juu ya bahari, na kutoka huko inateremka polepole kwenda kusini hadi kiasi cha mita 1,110. Kwa sababu hiyo msitu hauna sura moja. Kaskazini miti ni mirefu, imesongamana, na ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka. Kusini msitu unachanganyika na majani na mabwawa, mpaka unapokutana na Hifadhi ya Queen Elizabeth. Tembo hawajui mpaka wa hifadhi hizi mbili; hupita huku na huku kama walivyopita babu zao.

Mito ya Mpanga na Dura hupita katika nchi hii na kumimina maji yake katika Ziwa George. Basi mama akaangaye samaki wa ziwa hilo ana deni kwa msitu wa Kibale hata kama hajawahi kuuona kwa macho. Msitu hupokea mvua kubwa, huizuia isikimbie na udongo, kisha huitoa kidogo kidogo mwaka mzima. Penye mlima uliovuliwa nguo, mvua hiyo hiyo hushuka kwa siku moja ikiwa tope.

Kibale inasifika zaidi kwa jamaa za nyani. Kuna aina 13 za wanyama wa jamii hiyo, tangu komba mdogo atembeaye usiku mwenye macho makubwa, mpaka sokwe, ambaye kwa umbo na akili anamkaribia binadamu kuliko mnyama mwingine. Sokwe wa Kibale wamehesabiwa kuwa zaidi ya 1,400. Wapo mbega weusi na weupe, wapo kima wa rangi mbalimbali, na wapo mbega wekundu, ambao sehemu nyingine za Afrika wamekwisha kabisa au wamebaki wachache, lakini hapa bado wanaonekana kwa makundi makubwa. Ndege ni zaidi ya aina 350. Kila mmoja ana chumba chake katika nyumba hii moja: wa ghorofani hula matunda ya vileleni, wa chini hufukua wadudu katika majani yaliyooza. Nyumba ikibomolewa, wapangaji wote hukosa makao kwa siku moja.

JINSI ULIVYOJERUHIWA

Serikali ya kikoloni iliutenga Kibale kuwa msitu wa serikali mwaka wa 1932. Nia yake haikuwa kuwafurahisha sokwe. Msitu ulitengwa ili utoe mbao. Katika miaka ya mwisho ya 1960, sehemu za kaskazini karibu na Kanyawara zilikatwa. Mahali pengine palikatwa kwa kiasi, mahali pengine palikatwa bila huruma, na kuna mahali ambapo baada ya kukata, miti iliyodhaniwa kuwa haina thamani ilipigwa sumu ili kuipisha ile ya mbao. Hesabu ya wakati ule ilikuwa rahisi: ondoa usiyemtaka, naye unayemtaka ataota.

Msitu haukuikubali hesabu hiyo. Tangu mwaka wa 1970, mtaalamu wa Kimarekani Thomas Struhsaker alipoanza uchunguzi wake Kanyawara, wanasayansi wameendelea kuhesabu miti na wanyama mahali hapo, na kituo cha uchunguzi kikawa baadaye chini ya Chuo Kikuu cha Makerere. Walichokiona ni hiki: palipokatwa kwa kiasi, msitu ulijiponya, nafasi zikajazwa na miti mipya. Palipokatwa sana, jua liliingia kwa nguvu mno, na badala ya miti vikaota vichaka vizito vilivyofunga ardhi. Tembo nao wakavipenda vichaka hivyo kwa chakula, wakawa wanapita humo mara kwa mara na kuvunja miti michanga iliyojaribu kuinuka. Miaka mingi baadaye tofauti ya sehemu hizo mbili ilikuwa bado inaonekana. Jeraha dogo hupona lenyewe. Jeraha kubwa lisipotibiwa huwa donda ndugu.

Katika miaka ya 1970 likaja jambo jingine zito zaidi. Serikali ya wakati ule ilihimiza kuzidisha uzalishaji maradufu, na kwa amri ya ardhi ya mwaka wa 1975 ardhi yote ya nchi ikatangazwa kuwa ya umma. Wasimamizi wa misitu wakakosa nguvu, mipaka ikawa maneno matupu katika ramani. Familia nyingi, kubwa yao Wakiga kutoka Kigezi ambako ardhi ilikuwa haba na watu wengi, wakaingia sehemu ya kusini ya msitu na katika ukanda uliotengwa kwa ajili ya wanyama. Wakafyeka, wakachoma, wakapanda ndizi na mahindi. Wakazaa watoto, wakajenga shule na makanisa. Hawakuwa wezi wa usiku. Waliingia mchana, mbele ya macho ya watu, na kwa miaka mingi hapakuwa na mtu aliyewaambia kwa dhati kwamba waondoke.

Mwaka wa 1992 walitolewa. Maelfu ya watu waliondoka kwa uchungu mkubwa, wakiacha mazao shambani na makaburi ya wazee wao. Baadhi yao walipewa ardhi baadaye huko Bugangaizi, mbali na pale walipopazoea. Mwaka uliofuata, 1993, Kibale ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa.

Si haki kuusifu msitu uliorudi bila kuwataja watu hao. Na mwenye kuvaa sare, awe askari wa jeshi, wa polisi au wa wanyamapori, ana sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Mpaka ungalilindwa katika miaka ya 1970, mtu mmoja aliyefika na panga lake angaliambiwa kwa upole kwamba hapa hapalimwi, naye angalikwenda kutafuta mahali pengine. Kwa kuwa haukulindwa, miaka kama ishirini baadaye ilikuja amri iliyong'oa vijiji vizima. Mpaka usiolindwa leo ni machozi ya kesho, na wanaolia si wale waliozembea, bali watoto waliozaliwa katika uzembe huo.

ADUI MWENYE MAJANI MAREFU

Watu walipokwisha kuondoka, wengi walidhani kwamba kazi imekwisha; msitu utarudi wenyewe. Lakini mashamba yaliyoachwa hayakuota miti. Yaliota mabingobingo, yale majani marefu yapitayo kimo cha mtu, yenye mashina magumu kama mianzi midogo. Mabingobingo yalifunika vilima kwa vilima, kijani wakati wa mvua, manjano wakati wa kiangazi.

Yafaa kueleza namna majani hayo yanavyoweza kuushinda msitu, kwani jambo hili huwapata wengi nje ya Kibale pia. Kwanza, mbegu ya mti ikianguka katikati ya mabingobingo haipati mwanga. Pili, panya na jamaa zake hujificha humo kwa wingi, nao huzitafuna mbegu usiku kucha. Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, kila kiangazi majani hukauka yakawa kuni zilizosimama. Mwindaji akiwasha moto ili kumfukuza mnyama, mrina asali akiacha kinga cha moto kikiwaka, au mchungaji akichoma ili apate majani mabichi, kilima chote huwaka kwa saa chache. Mti mchanga hufa. Mabingobingo hayafi: mizizi yake iko salama chini, na mvua ya kwanza ikinyesha yanachipua tena, yakiwa na nguvu kuliko awali kwa sababu mshindani wake ameteketea. Moto basi ni rafiki wa majani na adui wa mti. Kila uwakapo, majani huongeza eneo na msitu hurudi nyuma.

Mwaka wa 1994 wenye hifadhi walianza kazi ya kuurudisha msitu kwa ushirikiano na shirika la Uholanzi liitwalo FACE, lililoanzishwa mwaka wa 1990 kwa ajili ya kupanda miti ili ivute hewa ya ukaa itokayo katika mitambo ya umeme. Kazi hiyo iliendelea chini ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, iliyoundwa mwaka wa 1996. Vitalu vya miche vilianzishwa, na wanavijiji wa karibu, wanawake kwa wanaume, wakapata vibarua vya kukusanya mbegu, kujaza udongo katika vifuko, kufyeka, kupanda na kupalilia. Maelfu ya hekta yalipandwa miti ya asili ya nchi ile ile, si miti ya kigeni.

Lakini ukimwuliza aliyefanya kazi hiyo ni kipi kilichokuwa kigumu, hatakutajia siku ya kupanda. Mche mmoja hupandwa kwa dakika chache. Kisha lazima mabingobingo yaliyouzunguka yafyekwe, na baada ya wiki chache yafyekwe tena, na tena, mpaka mche upite kimo cha majani na kuanza kuyatilia kivuli. Lazima njia pana zifyekwe kuzunguka eneo ili moto ukija usipate pa kuvukia. Lazima kila kiangazi watu wakae juu ya vilima wakitazama moshi, mchana na usiku, na moshi ukionekana wakimbie na matawi mabichi kuuzima moto kabla haujapata upepo. Kiangazi kimoja cha uzembe chaweza kufuta kazi ya miaka mitano.

Na hapa ndipo wachunguzi walipojifunza jambo la ajabu. Yalikuwapo maeneo ambayo hayakupandwa mche hata mmoja, ila yalilindwa na moto kwa miaka mfululizo. Walipokwenda kuyapima walikuta miti mingi ya aina mbalimbali imeota yenyewe. Ulinzi peke yake ulikuwa umefanya kazi ya upanzi. Kumbe mbegu zilikuwa zikiletwa wakati wote. Zilichokosa ni mtu wa kuzuia moto.

Fundisho kama hilo lilipatikana pia kwa misonobari. Zamani za mbao, vilele vingine vya Kibale vyenye majani vilipandwa misonobari ya kigeni. Kivuli chake kiliyadhoofisha majani, moto ukakosa chakula, ndege na wanyama wakapita humo, na chini ya misonobari miti ya asili ikaanza kuota. Mti mgeni uligeuka kuwa yaya wa watoto wa mwenyeji.

WAPANZI WASIO NA JEMBE

Ni nani basi waliozileta mbegu hizo? Msitu una wapanzi wake, ambao hawajui kalenda wala mshahara.

Wa kwanza ni ndege na popo. Mti mmoja uliobaki katikati ya shamba lililoachwa ni kama kituo cha basi. Ndege hutua juu yake kupumzika, popo hujining'iniza usiku wakila matunda waliyoyachuma mbali, na mbegu huangushwa chini. Wachunguzi wa Kibale waliona kwamba chini ya mti kama huo huanguka mbegu nyingi kuliko mahali palipo wazi. Kwa hiyo mkulima anayeacha mti mmoja mkubwa katika shamba lake, hasa mkuyu uzaao matunda, ameacha mlango ambao siku moja msitu waweza kuingilia.

Wa pili ni sokwe na kima. Sokwe hupenda matunda mabivu, na tini za mikuyu ni mkate wake wa kila siku. Humeza matunda pamoja na mbegu, kisha hutembea. Kinyesi cha sokwe kilipochunguzwa Kibale, karibu kila rundo lilikuwa na mbegu ndani yake. Mnyama huyo anayeonekana mvivu, akikaa juu ya tawi na tumbo lililojaa, ndiye bwana shamba wa msitu.

Wa tatu ni tembo, na habari yake ni ya pekee. Upo mti mrefu wa jamii ya mjunju ambao wataalamu huuita Balanites wilsoniana. Tunda lake ni kubwa na kokwa yake ni kubwa pia, ngumu kama jiwe. Ndege haiwezi, kima haiwezi, hata sokwe haimezi. Tembo peke yake ndiye mwenye koo la kuimeza nzima. Kokwa inayoanguka chini ya mama yake kwa kawaida huishia kuoza au kuliwa na wadudu. Ile iliyopita tumboni mwa tembo na kuangushwa mbali, pamoja na samadi yake, huota vizuri zaidi sana. Tembo wakiuawa wote, miti ile mikubwa itaendelea kusimama na kuzaa kwa miaka mingi, na mpita njia atasema mambo ni salama. Lakini itakuwa kama nyumba ya wazee wasio na wajukuu.

Ndiyo maana kumlinda mnyama na kuulinda mti si kazi mbili. Mtego wa waya unaotegwa kwa ajili ya nguruwe mwitu hukamata pia mkono wa sokwe, na wapo sokwe wa Kibale watembeao wakiwa wamepotewa na vidole au kiganja kizima. Hata mafua ya binadamu ni hatari. Mwaka wa 2013, katika kundi la Kanyawara lililokuwa na sokwe 56, watano walikufa kwa ugonjwa wa kifua ulioletwa na virusi vya mafua ya watu. Kwetu ni kamasi za siku tatu. Kwao ni msiba. Kwa hiyo mgeni anayezuiwa na mlinzi asiwakaribie sokwe kwa sababu anakohoa, asikasirike. Mlinzi huyo anazuia maradhi kama azuiavyo risasi.

JIRANI WA TEMBO

Haifai kuandika sifa za tembo bila kumsikiliza anayelala karibu naye. Kuizunguka hifadhi yapo mashamba madogo yaliyobanana, ya ndizi, mahindi, viazi na maharage. Msitu unapopona na tembo wanapoongezeka, usiku mmoja kundi laweza kutoka na kuingia katika shamba la mjane, na asubuhi pasibaki kitu. Nyani huja mchana, nguruwe mwitu usiku. Hasara hii haigawanyiki sawa: kijiji kizima chaweza kusemwa kwamba kimepoteza kidogo tu, kumbe kaya mbili zilizo mpakani zimepoteza chakula cha mwaka. Watoto hukosa shule kwa sababu ya kulinda shamba, na baba hukesha kando ya moto na kopo la kupigia kelele.

Njia nyingi zimejaribiwa. Mitaro mirefu imechimbwa mpakani ili tembo asivuke. Mizinga ya nyuki imetundikwa katika waya, kwani tembo, pamoja na ukubwa wake, humwogopa nyuki. Majani ya chai, ambayo wanyama hawayali, yamelimwa sehemu nyingine kandokando ya msitu. Kwa sheria, asilimia 20 ya kiingilio kinacholipwa na wageni wa hifadhi hurudishwa kwa jamii zilizo jirani, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2019 iliweka mpango wa kuwafidia waliodhuriwa na wanyama. Hayo ni mambo mema. Hata hivyo mtaro usiposafishwa hufukiwa na mvua, mzinga usipotunzwa huhamwa na nyuki, na fidia inayochelewa haipiki chakula cha leo. Hapa tena usemi wa wahenga unasimama: kuanzisha si kazi, kazi ni kulea. Mlinzi anayeitwa usiku na mkulima na akafika upesi huulinda msitu zaidi kuliko yule aliyekamata majangili kumi, maana humfanya mkulima asimchukie tembo.

MSITU MCHANGA SI MSITU WA KALE

Leo anayepita mahali palipokuwa bahari ya mabingobingo hukuta kivuli. Chini ya miti iliyopandwa kwa mkono imeota mingine ambayo haikupandwa na mtu. Kima wamerudi, nyayo za tembo zinaonekana katika tope, na mbegu zilizomo katika kinyesi chao zinachipua.

Lakini hapana budi kusema kweli. Msitu wa miaka thelathini si msitu wa miaka mia tatu. Miti yake bado ni myembamba, aina zake ni chache, na baadhi ya wakaao katika mashimo ya miti mizee hawajapata nyumba humo. Aliyekata mti mkubwa kwa nusu siku ameandika hati ya deni ambayo wajukuu wa wajukuu wake ndio watakaomaliza kuilipa. Kwa hiyo habari ya Kibale isichukuliwe kuwa ruhusa ya kukata kwa sababu msitu hurudi. Ni onyo juu ya urefu wa njia ya kurudi.

SOMO LA NYUMBANI NA KAMBINI

Si kila familia inaishi karibu na Kibale, lakini kila kambi na kila nyumba ya askari ina kipande cha ardhi, hata kama ni hatua kumi. Yale yaliyofanywa juu ya vilima vya Toro yanaweza kufanywa uani.

Panda miti michache unayoweza kuitunza, si mingi utakayoisahau. Miti mitatu iliyolelewa inashinda mia moja iliyotelekezwa. Chagua angalau mmoja wa asili ya mahali hapo, kwani ndege wa hapo wanaujua. Shimo lichimbwe kabla ya mvua, na udongo wa juu wenye rutuba utengwe ili urudishwe kwanza. Mche ukishatiwa, ng'oa magugu kuuzunguka kwa upana wa hatua moja, na uizungushie miiba dhidi ya mbuzi. Katika miezi ya kiangazi, maji yaliyosuuzia vyombo yanatosha kuuokoa. Kila mtoto apewe mti wake na ajulikane kwa mti huo. Baba akihamishwa kwenda kituo kingine, kama ilivyo desturi ya kazi ya sare, familia inayohamia na ikabidhiwe miti pamoja na ufunguo wa nyumba.

Takataka na majani makavu zisichomwe karibu na pori wakati wa upepo. Zioze shimoni ziwe mbolea. Na kwa kuwa makaa na kuni hutoka katika msitu wa mtu fulani, jiko la udongo linalotunza joto, kuni zilizokauka vizuri, na sufuria yenye kifuniko ni ulinzi wa misitu unaofanyika jikoni, bila bunduki wala sare. Mama anayeloweka maharage usiku kabla ya kuyapika ameokoa vinga kadhaa. Akifanya hivyo mwaka mzima, ameokoa mti.

Wale wanaume na wanawake waliokaa juu ya vilima vya Kibale kiangazi baada ya kiangazi, wakitazama kama pana moshi, hawakuandikwa majina yao popote. Siku nyingi zao zilipita bila jambo lolote kutokea, na hiyo ndiyo ilikuwa faida ya kazi yao. Kila askari aliyepata kushika zamu ya usiku wa manane anaijua kazi ya namna hiyo: ukiifanya vyema, asubuhi watu huamka wakidhani kwamba usiku ulikuwa mtulivu wenyewe. Msitu nao umesimama hivyo. Mvua za mwaka huu zitakapokaribia, na majembe yatakapotolewa, kila nyumba na ijiulize swali moja kabla ya kuchimba shimo: ni nani atakayeshika zamu ya mti huu kiangazi kikifika?